Kupanua Si Kukua

Yako maneno ambayo mtu akiyatamka mbele ya watu hupigiwa makofi kabla hajayaeleza, na katika hayo hakuna lipendwalo siku hizi kuliko neno kupanua. Kamati ya shule husema itapanua shule. Mzee wa kanisa husema usharika umepanuka. Tajiri husema anapanua shamba. Mji nao, kwa vinywa vya wakubwa wake, husema unapanuka. Na mhubiri husimama mimbarani akawahimiza watu wamwombe Mungu awapanulie mipaka yao. Watu huitikia, kisha huenda zao nyumbani, wala hawaulizi ni kitu gani kilichopanuliwa, na nani aliyekipanua, na ile nafasi mpya imetoka wapi. Maneno haya twayaandika ili kuipinga desturi hiyo. Hatuyapingi maendeleo, kwa maana mwalimu apingaye maendeleo amekosa kazi. Twapinga neno moja kufanywa blanketi la kufunikia mambo mengi yasiyofanana.

Kwanza na tulitazame neno lenyewe. Shina lake ni pana, kama tusemavyo marefu na mapana ya nyumba. Basi kupanua ni kukipa kitu upana ambao hakikuwa nao, wala neno halisemi zaidi ya hayo. Halisemi kwamba kitu kile kimeongezeka uzito, au nguvu, au wema. Apanuaye kinywa hajaongeza chakula kinywani. Apanuaye njia amekata mashamba ya upande huu na upande huu, labda kwa haki, labda kwa dhuluma, neno halituambii. Wazee wetu walikuwa na maneno mengine mengi, wala hawakuyachanganya. Walisema mtoto hukua, habari huenea, maji ya mto huzidi, na jipu huvimba. Hakuna mama asemaye kwamba mtoto wake amepanuka, ila kwa mzaha.

Tena elimu ya maumbile yatufundisha jambo hili kwa uwazi. Chuma kikipata joto hupanuka. Reli yenye urefu wa mita 12, ikiwa joto lake limepanda digrii 30 tangu alfajiri mpaka mchana, huongezeka urefu karibu milimita 4. Kwa sababu hiyo mafundi wa reli za zamani, kama ile Reli ya Kati iliyofika Kigoma mwaka 1914, waliacha nafasi ndogo kati ya kipande na kipande. Pasipo nafasi, reli mbili zinapopanuka husukumana, zikapinda, na garimoshi likaanguka. Sasa twauliza: je, reli ile iliyopanuka mchana imekuwa na chuma kingi zaidi? La, hata kidogo. Ukiipima kwa mizani asubuhi, ukaipima tena mchana, uzito ni ule ule. Na jioni baridi ikirudi, reli nayo hurudi katika urefu wake wa kwanza. Hapa pana mafundisho mawili. La kwanza, kitu chaweza kupanuka pasipo kuongezeka. La pili, kitu kikipanuka hapana budi kitafute nafasi, nayo nafasi ile isipokuwa imeandaliwa kwa hekima, itatoka kwa jirani yake.

Kukua si hivyo. Mbegu hukua kwa nguvu iliyomo ndani yake, na kwa wakati wake, na mizizi hushuka kadiri shina lipandavyo. Kuenea nako si hivyo. Zamani, moto ulipozimika jikoni, mtu alikwenda kwa jirani yake kuomba kijinga. Jirani akampa, na moto wa jirani haukupungua. Nyumba mbili zikawa na moto kamili badala ya moja. Huko ndiko kuenea. Injili ilienea hivyo, na kusoma na kuandika kulienea hivyo katika vijiji vyetu, kwa maana yule aliyefundishwa aliweza kumfundisha mwingine wala asipungukiwe. Bali blanketi dogo likivutwa lifunike watu sita, hapo pana kupanua. Na kila avutaye upande wake humfunua mwenziwe.

Mtu atasema, Haya ni mabishano ya maneno tu, nayo hayaongezi unga katika chungu. Sivyo. Tazameni madhara yaliyofanywa chini ya neno hili.

Katika vitabu vya historia, watoto husoma kwamba mwishoni mwa karne ya 19 dola za Ulaya zilipanuka hata zikaingia Afrika. Tulitazame tendo hilo kama mwalimu wa sarufi alitazamavyo. Kupanua kuna mtenda. Kupanuka hakumtaji mtenda. Mlango umefunguka, chungu kimevunjika, dola imepanuka: katika semi hizi zote mkono umefichwa. Lakini mpaka hauna miguu ya kutembea peke yake. Mwishoni mwa mwaka 1884 Karl Peters na wenzake walipita Usagara, Uzigua, Unguu na Ukami wakiwa na karatasi zilizoandikwa kwa Kijerumani, wakawatia machifu alama katika maneno wasiyoweza kuyasoma. Tarehe 27 Februari 1885, siku moja baada ya kumalizika ule mkutano wa Berlin, Kaisari alitoa barua ya kuzilinda nchi hizo. Sultani Barghash wa Unguja alipokataa, manowari za Kijerumani zilikuja mbele ya mji wake mwezi Agosti mwaka ule ule, mpaka akakubali. Je, huko ni kupanuka? Mtu aliandika, mtu alitia sahihi, mtu alielekeza mizinga. Na vita vya Maji Maji, vya mwaka 1905 mpaka 1907, pamoja na njaa iliyofuata, viliua watu wengi mno katika nchi ya kusini kwa sababu ya mpaka huo uliosemwa kwamba umepanuka. Mwalimu amfundishaye mtoto neno hili pasipo kumwonyesha mkono uliofichwa ndani yake amemfundisha uongo, ijapokuwa tarehe zote ni sahihi.

Wala tusidhani kwamba neno hili huwadanganya wadhulumiwa tu. Humdanganya hata yeye alitumiaye. Baada ya vita kuu ya pili Waingereza walipungukiwa na mafuta ya kula, wakakusudia kulima karanga katika Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Hesabu yao ilikuwa ekari 3,210,000, na sehemu kubwa zaidi katika Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kazi ilianza mwaka 1947, na mahali pa kwanza palikuwa Kongwa, katika Ugogo. Wagogo walioishi pale walilima mtama na uwele, wakafuga ng'ombe, kwa maana waliijua mvua ya nchi yao, kwamba ni chache tena haina ahadi. Wenye mpango walitazama ramani wakaona upana, na kwa kuwa nchi ilikuwa pana wakadhani imewangojea wao. Trekta zikaharibika kwa visiki na mizizi. Udongo ule, mvua ulipokatika, ukakauka ukawa mgumu kama tofali, karanga zikashikwa ndani yake. Na jua likachoma zilizosalia. Mwaka 1951 mpango uliachwa, na fedha zilizopotea zilihesabiwa kuwa kama paundi milioni 36. Hata ile reli iliyojengwa kutoka pwani ya kusini kwenda Nachingwea kwa ajili ya karanga hizo iling'olewa baadaye. Hawakukosa fedha hao, wala mitambo, wala watu wenye elimu. Walikosa kutofautisha kupanua na kukua. Wazee husema mwenye pupa hadiriki kula tamu, nao hawakuidiriki.

Lakini na tuje nyumbani, kwa maana kumcheka Mwingereza wa mwaka 1947 ni kazi nyepesi.

Mwezi wa Novemba 1974, huko Musoma, ilikatwa shauri kwamba watoto wote wa Tanzania wapate elimu ya msingi ifikapo Novemba 1977, ijapokuwa hapo kwanza ilikuwa imekusudiwa mwaka 1989. Basi miaka kumi na miwili ilikunjwa. Sisi hatusemi kwamba shauri lile lilikuwa baya. Watoto wengi walikuwa wakisimama nje ya mlango, na mlango kufunguliwa ilikuwa haki. Lakini walimu watoke wapi? Vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa, wakafundishwa kazi ya ualimu huku wakiifanya, kwa masomo ya posta na ya redio. Wengi wao walijitahidi sana, na wako watu wenye vyeo leo waliofundishwa kusoma na vijana hao. Walakini nchi iliwalipa kwa dhihaka. Jina la mwalimu wa UPE likawa tusi. Twasema hilo lilikuwa dhuluma. Blanketi lilivutwa na wakubwa, nao uzi mwembamba ndio uliolaumiwa kwa kuwa mwembamba.

Je, tumejifunza? Januari 2016 wazazi waliacha kutozwa ada katika shule za serikali mpaka kidato cha nne, na watoto wakaja kwa wingi. Mwaka 2021, kwa fedha zilizokopwa kwa sababu ya ugonjwa wa Uviko, Serikali ilianza kujenga vyumba vya madarasa 15,000, yaani 12,000 vya sekondari, na 3,000 vya zile shule ndogo zijulikanazo kama shule shikizi. Vyumba hivyo ni vitu vya kweli, nasi twashukuru; mtoto aliyekaa chini ya mwembe wakati wa masika ajua thamani ya bati. Lakini chumba hakifundishi. Mgeni akija kijijini huonyeshwa kuta na madirisha, akaambiwa shule imepanuliwa, akapiga picha. Haulizi ni watoto wangapi wamkabilio mwalimu mmoja, wala daftari zao husahihishwa lini, wala mtoto wa darasa la nne aweza kusoma barua ya baba yake au hawezi. Naye mzazi aliyechanga mawe na mchanga asipouliza, nani atakayeuliza kwa niaba yake?

Na kanisani je? Hapa twaomba wasomaji watuvumilie. Yako makanisa ambayo kila mwaka hufungua mitaa mipya, na katika taarifa huandikwa kwamba kazi ya Bwana imepanuka. Lakini mwinjilisti mmoja amepewa mitaa minne. Mshahara wake umechelewa. Baiskeli yake imekatika mnyororo. Watoto wa kipaimara hufundishwa juma moja, wakakosa mawili. Katika mtaa wa kale paa lavuja, na wazee wake wamehamishiwa michango ya mtaa mpya. Huko si kuenea kwa moto. Huko ni kuchukua kaa moja la moto na kulizungusha katika majiko manne, mpaka lizimike mkononi.

Tena wahubiri wengi wa siku hizi wamelipenda mno lile ombi la Yabesi, katika kitabu cha kwanza cha Mambo ya Nyakati, sura ya 4, na juu yake wamejenga mafundisho ya magari na viwanja. Maandiko yamtaja mtu huyo kwa mistari miwili tu. Ni kweli aliomba nchi yake iongezwe. Lakini pia aliomba mkono wa Mungu uwe pamoja naye, na aepushwe na uovu. Wala hatuambiwi kwamba aling'oa alama ya mpaka wa jirani yake. Kama mtu ataka kujua Maandiko yasemavyo juu ya kupanua, na asome pia habari za Ahabu na Nabothi. Ahabu naye alitaka kupanua. Shamba la mizabibu la Nabothi lilikuwa karibu na nyumba yake, naye alilitaka liwe bustani ya mboga. Jambo dogo, la busara, lenye faida. Alitaka hata kulipa. Mwisho wake ulikuwa damu. Na asome Isaya sura ya 5, ambapo nabii awatangazia ole wale waungao nyumba na nyumba na shamba na shamba, mpaka wengine wasipate mahali. Na asome lile fundisho la tajiri ambaye ghala zake zilikuwa ndogo, naye akakusudia kuzibomoa ajenge kubwa. Usiku ule ule roho yake ilitakiwa. Huyo hakuiba. Alikosa tu kuuliza, Kwa ajili ya nani?

Wenye kutupinga watatujibu: Ninyi walimu mwapenda kuzuia. Kama wazee wangengoja walimu wawe tayari, mabati yafike, fedha zitimie, hata leo pasingekuwa na shule wala kanisa hapa. Chelewa chelewa, utakuta mwana si wako. Jibu hilo lina nguvu, nasi hatulidharau. Lakini Isaya huyo huyo, katika sura ya 54, amwambia mwanamke aliyekuwa hana watoto aifanye hema yake kuwa pana, azirefushe kamba zake. Basi kupanua kumeamriwa! Ndiyo, lakini angalieni mambo mawili. Hema hupanuliwa kwa sababu watoto wanakuja, wala si kwa sababu wapita njia watastaajabu. Na katika pumzi ile ile nabii asema vigingi vikazwe. Kila aliyewahi kuona hema ajua sababu yake. Kadiri kitambaa kilivyo kipana, ndivyo upepo upatavyo mahali pa kukishika. Na kigingi kilichotosha hema ndogo hakitoshi kubwa. Hatuwaambii watu waache kurefusha kamba. Twasema kwamba arefushaye kamba asikaze vigingi hajengi; amewaandalia watoto kitu cha kuwaangukia usiku.

Vigingi vya shule ni walimu, vitabu na chakula cha mchana. Vigingi vya kanisa ni wainjilisti waliofundishwa na kulipwa, na nyumba ambazo baba na mama husali pamoja na watoto wao. Vigingi vya shamba ni samadi na matuta ya kuzuia mmomonyoko. Kwa maana yuko mtu alimaye ekari sita akavuna magunia ambayo jirani yake huyavuna katika ekari mbili, naye kila mwaka huomba aongezewe ekari. Vigingi vya mji ni maji, mifereji na haki ya wale waliokuwapo kabla mji haujafika.

Na juu ya hao wa mwisho twataka kusema kwa nguvu zaidi. Mji ukipanuka, hupanuka juu ya kitu. Mahali palipoandikwa katika ramani kuwa eneo la upanuzi pana migomba ya mjane, pana makaburi, pana njia ya ng'ombe kwenda mtoni. Wakati mwingine ni lazima mji upite hapo. Barabara haziwezi kupita angani. Lakini jambo la lazima halikatazi kuuliza, wala kulipa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imempa mwanakijiji nafasi ya kusema katika mkutano mkuu wa kijiji juu ya ardhi ya kijiji chake. Nafasi hiyo haina faida kwa mtu asiyehudhuria, wala kwa mtu ahudhuriaye akapiga makofi mara alisikiapo neno tamu. Na kwa sisi Wakristo, Kumbukumbu la Torati sura ya 27 yaweka laana juu yake aondoaye alama ya mpaka wa jirani yake. Laana hiyo haikuweka tofauti kati ya aiondoaye usiku kwa jembe na aiondoaye mchana kwa mhuri.

Kwa hiyo twawashauri wasomaji wetu jambo moja la kutenda. Mtu yeyote akisimama katika mkutano wa kijiji, au wa shule, au wa usharika, akasema kwamba kitu fulani kitapanuliwa, asijibiwe kwa makofi kwanza. Na asimame mzee, au mama, au kijana, aulize kwa adabu: Bwana Mwenyekiti, nani apanuaye? Nafasi hiyo yatoka kwa nani, naye ameridhia? Wanakuja watoto gani watakaolala ndani ya hema hiyo? Na vigingi vimehesabiwa? Kama majibu yapo, na tupige makofi kwa mikono yote miwili, tutoe mchango wetu, tubebe mawe. Kama majibu hayapo, na tungoje mpaka yaletwe, hata kama mgeni amekwisha kukunjua ramani mezani.

Waliotuachia lugha hii walitupa neno la kila jambo: la kukua, la kuenea, la kuzidi, la kuvimba. Tukiyatupa yote tukabaki na moja tu, hatutaweza kumwambia mwenzetu aliyevimba kwamba anaumwa. Tutampongeza kwa kupanuka, mpaka siku ya kumzika.